Barua kwa mwanangu: pigo la pili

Mwanangu mpendwa,

Kwa kuwa siku hizi unapita Katuba, Lubumbashi, usiku ukitoka masomoni, nataka ujue sheria inakulinda mpaka wapi mtu akikushambulia.

Kanuni ya Adhabu ya Kongo, ile ya tarehe 30 Januari 1940, haina kifungu kinachoeleza kujilinda. Majaji wanakubali kujilinda kama kanuni ya jumla ya sheria, kwa hiyo wao ndio watakaopima ulichofanya, pigo kwa pigo. Wanatazama kama ulishambuliwa bila haki, kama hatari ilikuwepo saa ileile, kama hukuwa na njia nyingine, na kama nguvu yako ililingana na hatari. Ukimtetea mwingine, kipimo ni hichohicho.

Vijana wengi huponzwa na hilo la saa ileile. Mtu amekutolea kisu, umemgonga mkono kwa fimbo, kisu kimeanguka. Hapo umejilinda. Akigeuka kukimbia nawe ukamfuata ukampiga kichwani, pigo hilo ni kisasi, hata kama damu yako bado inatoka. Kifungu cha 46 kinaadhibu pigo la kusudi. Ukimlemaza, cha 47 kinafika miaka 5 gerezani. Akifa bila wewe kukusudia kumuua, cha 48 ni miaka 5 hadi 20. Matusi yake yanaweza kukupunguzia adhabu tu, kosa linabaki. Na mwizi aliyekwisha kufungwa kamba na umati, tafadhali mwanangu, usimguse hata kwa kofi. Hapo hakuna anayejilinda.

Jambo kama hili likikupata, wahi wewe polisi kabla ya aliyekushambulia. Omba rekizisyo ya daktari, yaani karatasi ya kumtaka daktari akupime, majeraha yaandikwe yakiwa mabichi. Shati lililochanika usilifue. Chukua majina ya walioona.

Katiba, kifungu cha 18, inataka uambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, na polisi wasikushike zaidi ya saa 48 bila kukufikisha mbele ya mamlaka ya sheria. Cha 19 kinakupa haki ya wakili. Mwite kabla ya kuhojiwa.

OPJ, yaani afisa wa polisi anayepeleleza, akimaliza kuandika PV, yaani maandishi ya mahojiano yako, mwambie akusomee yote. Mara nyingi huandikwa kwa kifupi: "alikubali kumpiga kwa fimbo." Kisu kiko wapi? Nani alianza? Uliacha lini? Kama hayamo, omba yaongezwe, na usitie sahihi kabla hayajaandikwa.

Baba yako