Mwanaidi, aya ya kivuko usiisome kwa sauti

Bodø, Norwe
19 Aprili

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Mwanaidi, najua ni wewe unayewasomea hapo barazani. Soma taratibu, na nikisema ruka, uruke.

Nilipanda treni ya usiku kutoka Trondheim mpaka hapa Bodø, reli inapoishia, kilomita 729. Alfajiri nikafungua pazia: theluji tupu. Hakuna mti, hakuna nyumba, hata mbuzi wa kupotea hakuna.

Baba, kabla ya kuvuka nilikwenda kuutazama mkondo wa Saltstraumen. Ni mlango wa bahari mwembamba, kama mita 150, na maji ya ghuba nzima lazima yapite hapo kuingia na kutoka, kila saa sita hivi yanageuka. Yanazunguka na kutoboka mashimo katikati, kama uji unaokorogwa. Kulikuwa na mzee anavua kwa mshipi pale ukingoni. Nikamuuliza lini panachachamaa zaidi. Akanyoosha kidole mbinguni, akachora duara. Mwezi! Mzee huyo Kigombe kwetu hajawahi kuisikia, ila bamvua, maji makubwa ya mwezi, analijua.

Mwanaidi, hapa ruka. Kivuko cha kwenda Moskenes, kwenye visiwa vya Lofoten, kinachukua saa tatu na ushei. Hata saa moja haijatimia, kigegezi kikanishika, nikalewa bahari. Mimi, mtoto wa nahodha, niliyekulia ndani ya ngalawa, nimekumbatia mfuko wa karatasi huku bibi kizee wa Kizungu pembeni yangu anatafuna soseji bila wasiwasi! Baba asijue, na wenzake wa kwenye kahawa ndiyo kabisa.

Haya, endelea. Bahari ilikuwa nzuri.

Kule milima inachomoza moja kwa moja majini, na vibanda vyekundu vya wavuvi vimesimama juu ya nguzo. Barabara inaishia kwenye kijiji kinachoitwa Å. Jina zima ni herufi hiyo moja, ya mwisho katika alfabeti yao. Nikakumbuka tulivyokuwa tukikisubiri kivuko cha Pangani tuvuke kwenda Bweni, nikidhani huko mbele dunia imekwisha.

Lakini kilichonikalisha kuandika ni samaki. Mama, wana ng'onda! Chanja za magogo ndefu kama mtaa, zimejaa chewa wa huko, wamefungwa wawili wawili mikiani na kuning'inizwa tangu Februari mpaka Mei. Hawatii chumvi hata chembe. Baridi na upepo vinamaliza kazi, nzi bado hawajaamka. Ukimgonga samaki mmoja analia ko, ko, kama ubao wa mninga. Wazuri wananunuliwa na Waitaliano. Vichwa vinatungwa kwa kamba, vinakaushwa na kupelekwa Nigeria kutiwa kwenye supu, kwa hiyo Afrika tumo. Ndimi ni za watoto: kichwa wanakichomeka kwenye chuma kilichosimama, kisu kinapita mara moja, ulimi huo kwenye ndoo. Hela ni yao, mzazi haigusi. (Mwanaidi, usianze kudai.)

Nimenunua mmoja. Nimemfunga kwa mifuko mitatu na bado chumba kinanuka kama soko la Deep Sea asubuhi. Kuna mtu anakuja Tanga Juni, atawaletea. Mama, mloweke wiki nzima, kila siku umbadilishie maji, halafu umtie tui zito na ukwaju. Wenyewe wanampika na viazi, mimi sina la kusema.

Wasalimieni majirani wote. Baba akiuliza kivuko kilikuwaje, Mwanaidi, mwambie shwari.

Mwanenu