Kikao cha wazazi Jumamosi: usajili na mazoezi ya maabara

Habari za jioni ndugu wazazi. Poleni na majukumu.

Kikao cha wazazi wa vijana wanaosoma nje ya shule ni Jumamosi hii, saa 4 asubuhi, nyumbani kwetu Sinza. Vijana waje pia, maana mitihani ni yao.

1. Usajili NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania). Kijana ambaye hakufanya mtihani wa kidato cha pili shuleni anaanza na Mtihani wa Maarifa (QT). Akifaulu ndipo anasajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiyesajiliwa na shule anayosoma. Tafadhali msiruke hatua hii. Njooni na cheti cha kuzaliwa na namba ya mtihani wa darasa la saba, tukague kama majina yanafanana herufi kwa herufi.

2. Maabara. Hili linaninyima usingizi. Nadharia ya kemia wanaisoma vizuri, lakini wengi hawajawahi kushika bureti (mrija wa kudondoshea kimiminika kwa kipimo) wakaona rangi ikibadilika kwa tone moja. Tumepata mwalimu na maabara kwa Jumamosi nne. Mchango ni sh. 25,000 kwa kila kijana, kwa mhazini kabla ya Ijumaa.

3. Chai ipo. Anayeweza kuleta vitafunwa, karibu.

Naomba kila mzazi athibitishe hapa kufikia Alhamisi saa 2 usiku: jina, idadi ya vijana, na kama ni QT au kidato cha nne.

Asanteni sana.