Mwanangu, miyombo imeshachipua, usisubiri mvua ndo uje

Marahaba baba. Salamu zako nimezipata na za mkwe wangu pia, na mjukuu wangu nimemsikia kwenye voisi anavyokohoa, mpeni maji ya uvuguvugu na ile asali niliyowatumia, asinywe vitu vya kwenye friji mpaka apone. Huku Peramiho sisi wazima, baba yako mgongo unamsumbua kidogo ila yuko juu ya bati tangu asubuhi kama nitakavyokueleza, na mdogo wako yuko bondeni anamwagilia mboga.

Uliniuliza mvua zinaanza lini ili utume hela ya kulimia lile eneo alilokugawia baba yako. Nimeona nikuandikie kabisa maana jibu la tarehe sina na hakuna mwenye nalo, ila ninachotaka ushike ni hiki, kifuku, yaani msimu wa mvua, hakianzi siku mvua inanyesha. Huku kwetu kimeshaanza, na kazi zake nyingi ndo zinafanyika saivi kwenye hili jua na hili vumbi. Ukisubiri usikie Songea kumenyesha ndo utume hela utakuta wenzio wanapanda na wewe unatafuta kibarua wa kukung'olea visiki, na kipindi hicho kibarua humpati kwa bei yoyote maana kila mtu yuko shambani kwake.

Juzi nilienda kuokota kuni kule upande wa mlimani nikasimama tu naangalia. Unakumbuka mwezi wa nane pori linavyokuwa, vijiti vitupu, majani makavu chini, na jivu pale moto ulipopita. Sasa miyombo imetoa majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu na pinki, ukishika ni laini hayana nguvu kabisa yananing'inia, na hapo hakuna mvua ya maana iliyodondoka tangu mwezi wa tano. Watu wengi wanadhani mti unangoja mvua ndo uchipue, miyombo haingoji baba. Mizizi yake inakwenda chini sana kwenye maji ambayo sisi na majembe yetu hatuyafikii, joto likianza tu mwezi wa tisa wa kumi inatoa majani, wiki kadhaa kabla, ili mvua ikifika jani liwe limeshakomaa. Mimi naangalia hiyo rangi. Majani yakiwa bado mekundu najua tuna nafasi ya kusomba samadi na kuanika makopa ya muhogo, yakigeuka kijani mpaka pori likaanza kutoa kivuli namwambia baba yako majembe yawe yamenolewa. Leo ninavyokuandikia nusu ni mekundu nusu yameanza ukijani, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Mininga nayo imetoa maua ya njano kabla hata ya majani, nyuki wamejaa huko juu ukisimama chini unawasikia. Baba yako kashusha mizinga yote, katoa utando na mende, kapaka nta upya kwenye mlango, kaitundika tena, maana makundi yanayotafuta makao yanapita saivi na yakikuta mzinga mchafu yanaenda zao. Masuku, yale matunda ya porini, yameanza kudondoka pia. Mwambie mjukuu wangu bibi anamuwekea, ila akija asirushe mawe juu, masuku matamu ni yale yaliyodondoka yenyewe, la kuangusha kwa jiwe linakuwa halijaiva vizuri.

Dalili zingine utazijua ukiwa hapa kwa sababu hazionekani kwenye simu. Jua liko utosini, saa sita mchana ukisimama uwanjani kivuli chako kiko miguuni. Ule upepo wa baridi wa kutoka kusini uliokuwa unatusumbua mwezi wa sita wa saba umekufa, siku hizi hakuna upepo kabisa mpaka jioni alafu ukija unatokea kaskazini na una joto. Mawingu yanajikusanya mchana, yanapanda yanakuwa meusi, unaona radi mbali, alafu usiku nyota zote hizo hapo. Ndege dudumizi ameanza kulia asubuhi na jioni kule kwenye magugu ya mtoni, ile sauti yake inayoshuka kama kibuyu kinamwagwa maji. Na usiku ukitoka nje kwenye saa nne Kilimia, kile kikundi cha nyota, kinaonekana mashariki, bibi yako alikuwa hawezi kulala mwezi huu bila kutoka kukiangalia, na wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. TMA, wale wa hali ya hewa, nao kila mwaka wanatoa utabiri wa msimu wetu huu wa Novemba mpaka Aprili, usikilize, mimi nausikiliza sana redioni, unakwambia kama mvua itakuwa nyingi au chache na kama itachelewa. Ila unazungumzia mkoa mzima, shamba lako ni moja. Dalili moja peke yake siipandii, nataka zikubaliane.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu wewe una haraka kama baba yako alivyokuwa ujanani. Mvua ya kwanza usiipandie. Itakuja jioni moja na kishindo, itapiga bati mpaka hatusikilizani, harufu ya udongo itajaa, watoto watatoka nje kucheza, kesho yake kumbikumbi watatoka ardhini na kila nyumba itakuwa na beseni la maji na taa, na kila mtu atakupigia simu akuambie mvua zimeanza. Alafu linawaka jua wiki mbili. Mbegu iliyowekwa siku ile inaota, inatoa majani mawili, inakauka, na mfuko wa mbegu umeshakwisha na mbolea iko chini. Fanya hivi, asubuhi baada ya mvua nenda katikati ya shamba, siyo pembeni chini ya mti, chimba kwa jembe mpaka bapa lote liingie. Utaona mstari kabisa, juu udongo mweusi umelowa, chini mweupe mkavu. Mvua ya kwanza inalowesha vidole vinne hivi basi. Ngoja mpaka ule weusi ufike chini ya bapa la jembe, chukua konzi ya udongo wa huko chini ukamue, ukikaa pamoja bila kusambaratika na bila kutoa maji hapo panda, na upande siku hiyo hiyo usingoje Jumamosi. Huku kwetu mara nyingi inaangukia mwisho wa mwezi wa kumi na moja au kwenye mwezi wa kumi na mbili mwanzoni, ila shamba lenyewe ndo litasema.

Sasa kazi zilizopo. Eneo lako lina mabua ya mwaka jana na vichaka vimeota upande wa juu. Jirani ameshauri tuchome tumalize, baba yako kakataa na mimi nimekataa. Pori lilivyo kavu saivi moto wa mwezi wa kumi siyo wa mchezo, unapanda mpaka kwenye majani machanga ya juu, mizinga inaungua na nyuki wake, na mabua yale yakiachwa yakaoza ndo chakula cha udongo. Tunachofanya tunafyeka, mabua tunayalaza katikati ya mistari, na pembeni mwa shamba na nyuma ya nyumba tumeparua njia ya moto, upana wa hatua kadhaa, udongo mtupu bila hata jani, ili mwingine akiuachia moto wake ufike pale ukose pa kushika. Hii kazi ya njia ya moto ndo ilimpa baba yako mgongo, kwa hiyo ukituma hela ya kwanza iwe ya vibarua wa kufyeka, siyo ya mbolea.

Samadi tumeshaitoa zizini tumeirundika, imepoa, sasa inasombwa na mkokoteni kidogo kidogo. Kwako itatosha upande ule wa juu ambako udongo umechoka, upande wa chini utaishi na mbolea ya dukani. Kuhusu hiyo, jina lako haliko kwenye daftari la wakulima la kijiji na mbolea ya ruzuku huipati bila kusajiliwa na kuwa na namba yako, kwa hiyo ukija uende ofisi ya kijiji na kitambulisho cha NIDA kabla foleni haijawa ndefu. Ekari moja inataka mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda na mwingine wa urea mahindi yakifika magotini. Mbegu kilo kumi kwa ekari inatosha. Nunua duka linalojulikana, angalia lebo ya TOSCI, wale wanaothibitisha mbegu, ikwangue uhakiki ile namba kwa simu ukiwa bado umesimama dukani na risiti uichukue, ukishafika nyumbani hakuna wa kumuuliza. Kupanda mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30, mbegu moja moja, na DAP isigusane na mbegu, weka udongo kidogo katikati. Mahindi yakishaota pita asubuhi uchungulie kwenye moyo wa mmea, ukiona majani yana vitundu na ule unga kama wa mbao ni viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017, wakiwa wadogo wanauawa, wakishazama ndani dawa haiwafikii. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuchungulia, na huyo mtu hatumwi kwa simu.

Nilikwambia baba yako yuko juu ya bati. Hili jua limelitanua bati mchana na usiku linasinyaa, miezi yote hii, misumari imelegea na ile mipira ya chini yake imekauka imepasuka, ukiwa chumbani kwako mchana unaona nukta za mwanga juu. Anagonga upya, iliyooza anabadilisha. Gata zilikuwa zimejaa majani ya mwembe na kiota cha ndege, tumezizibua, na tenki nimeingia mwenyewe kulisugua. Bomba la kuingilia kwenye tenki tutalichomoa mvua ya kwanza na ya pili maji yamwagike tu, yana vumbi la kiangazi kizima na kinyesi cha ndege. Mtaro wa nyuma ya choo tumeuchimba upya kwa sababu mwaka jana maji yalikuwa yanakuja mpaka ukutani.

Kuku tumewachanja mdondo, tone moja jichoni kila kuku, maana kipindi hiki cha joto na vumbi ndo huo ugonjwa unafagia banda zima, na kila miezi mitatu tunarudia. Kuni nimezipanga chini ya paa la jiko, nataka zifike mpaka mwezi wa pili. Mahindi ya kula yako kwenye ile mifuko ya kuzuia hewa, dumuzi hajaingia. Mboga ndo shida mwezi huu, tunakula majani ya kunde yaliyokaushwa na kidogo kinachotoka bondeni, ila zikinyesha mbili tatu maboga yataota yenyewe pale jalalani kama kila mwaka na uyoga utatoka porini, nitakukaushia.

Mwanangu, mimi sikulazimishi kulima. Una kazi yako na hiyo inakulisha. Lakini kama umesema unataka shamba basi lifuate mwanzo wake, chukua likizo yako katikati ya mwezi wa kumi na moja badala ya Krismasi. Krismasi utakuta mahindi yameshaota, utapiga picha, utakula pilau, utarudi Dar bila kujua chochote na mwakani utaniuliza tena mvua zinaanza lini. Ukija mwezi wa kumi na moja utamkuta baba yako bado ana nguvu ya kutembea na wewe shamba zima akuonyeshe wapi maji yanasimama na wapi panakauka haraka. Yeye hawezi kukuandikia hayo, anayajua kwa miguu, na huo mgongo wake siupendi unavyokwenda.

Mabasi ya kupitia Makambako yanatoka alfajiri, kata tiketi mapema. Uje na plastiki ngumu ya kufunika mkokoteni, tochi ya kuchaji, na zile dawa za mgongo za kupaka za baba yako, huku zimeadimika. Hela ya vibarua tuma wiki hii kwa namba ya mdogo wako, yangu ina matatizo ya laini. Na mwambie mkwe wangu aniandikie saizi ya mguu ya mjukuu wangu, mnada ni Jumamosi na nataka nimnunulie gambuti kabla hazijaisha.

Mama yako.