Barua kwa Zuhura, kabla ya Doha

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sisi huku Likoni tu wazima. Nyanya yako magoti yametulia, na mdogo wako ashahesabu zawadi utakazomletea hata viza hujaiona. Juzi uliponipigia kuniuliza kama ukubali kwenda Doha, Qatar, kufanya kazi za ndani nilikujibu "tutaongea", kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema mbiombio. Nimeona bora niandike.

Unajua nilikaa Beirut, Lebanon, miaka minne nikifanya kazi za ndani. Zaidi ya hapo hujui kitu, maana nilirudi nimeyafunga kama pesa kwenye pindo la leso. Nilifika 2012. Pasipoti ilichukuliwa mlangoni, viatu sijavua, na mishahara ya miezi mitatu ya mwanzo ikaenda kwa wakala. Jumapili niliruhusiwa kutoka, mradi madam, mwajiri wangu, awe nami. Kwa hiyo dunia yangu ilikuwa roshani ya jikoni, ghorofa ya nne. Hapo tulianika nguo na hapo tuliongea: mimi, Mhabeshi wa jengo la pili, na dada mmoja wa Sri Lanka aliyekuwa chini yangu. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha kuulizana nani kalipwa na nani bado.

Mwanzoni mwa 2015 yule Mhabeshi akanambia wanafungua "nakaba". Nikamjibu, nikabu naijua sana, kwetu Mombasa zimejaa. Alicheka mpaka vibanio vikamwanguka. Kumbe nakaba ni chama cha wafanyakazi. Jumapili ya tarehe 25 Januari wafanyakazi wa majumbani kama 350 walikutana mle mjini, Wahabeshi, Wafilipino, Wanepali na wengineo, wakaanzisha chama chao chini ya FENASOL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Lebanon. Katika nchi za Kiarabu lilikuwa jambo geni kabisa. Mimi sikwenda. Siku hiyo nilikuwa jikoni na kuku wa wageni kumi na wawili.

Sasa tazama sheria ilivyofumwa. Kifungu cha 7 cha sheria ya kazi ya Lebanon kinamtoa nje mfanyakazi wa nyumbani, kana kwamba afanyayo si kazi. Kifungu cha 92 kinamruhusu mgeni kuingia chama, ila hana kura na hawezi kuchaguliwa. Ndiyo sababu ombi la kukisajili lilipelekwa wizarani kwa majina ya Walebanoni sita, nao wafanyakazi. Nimewafikiria sana watu wale. Wangeweza kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba wageni wanawaharibia mishahara. Lakini mwenye nyumba akizoea kumlipa mgeni nusu, mwenyeji naye akija kuomba kazi ataambiwa bei ni hiyo hiyo.

Waziri wa kazi alikataa kukitambua chama. Mwishoni mwa 2016, mimi nimesharudi nyumbani, viongozi wake wawili, Wanepali, walikamatwa, na mmoja akarudishwa kwao Desemba hiyo hiyo. Mhabeshi wangu ndiye aliyeniletea habari, kwa sauti ya WhatsApp, analia.

Utasema basi chama hakikufaa kitu. Lakini ni Mhabeshi huyo aliyenisomea, roshani kwa roshani, karatasi waliyogawiwa chamani: Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2011. Kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe. Nilikuwa na miaka mitatu nchini na sikuwahi kujua kwamba ile pasipoti ilikuwa bado yangu. Nikamwambia madam. Hakunipa, nisikudanganye. Ila kuanzia mwezi ule mshahara haukuchelewa tena.

Huko Doha mgeni haruhusiwi kuunda chama. Hata hivyo, 2014 wajumbe wa wafanyakazi kwenye mkutano wa shirika hilo hilo waliishtaki Qatar juu ya kazi ya kulazimishwa, na shauri likafungwa 2017, Qatar ilipokubali kurekebisha. Mwaka huo ikatoka sheria ya wafanyakazi wa majumbani: kazi isizidi saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Tangu Septemba 2020 kubadili kazi hakuhitaji kibali cha mwajiri. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riali 1000 kwa mwezi, mbali na chakula na malazi. Wakala akikuwekea mkataba wa riali 800, mrudishie kalamu yake.

Ila sheria ikiandikwa haina maana imefuatwa. Malcolm Bidali, kijana wetu wa Kenya aliyekuwa mlinzi huko, aliandika mtandaoni jinsi wafanyakazi wanavyoishi. Mei 2021 alichukuliwa usiku, akafungiwa peke yake karibu mwezi mzima. Kwa hiyo ukiwa na shida usiimwage mtandaoni kwanza. Mpelekee mtu wa kuibeba.

Mtu huyo lazima umtafute kabla hujapanda ndege. Hapa kwetu kuna KUDHEIHA, chama cha watu wa majumbani na mahotelini. Kimo ndani ya IDWF, shirikisho la dunia la wafanyakazi wa majumbani, ambalo rais wake wa kwanza, Myrtle Witbooi, alikuwa akifanya kazi za ndani Cape Town. Mama kama mimi, Zuhura, na akaketi Geneva.

Mafunzo yakiisha usitie saini kitu huko Nairobi. Njoo kwanza nyumbani, tuvuke feri pamoja ukajiandikishe. Njoo na mkataba, wa Kiingereza na wa Kiarabu. Ule wa Kiarabu nitausoma mwenyewe: herufi nilipewa madrasa, maneno niliyaokota roshani.

Mama yako