Hilo neno "tu"

Mhariri,

Jumamosi mliandika habari za vijana wa Kenya wanaocheza magongo ya barafuni pale hoteli ya Panari, Nairobi. Nilikuwa nasoma kwa furaha mpaka nikafika mlipoandika kuwa timu yao "ni ya ridhaa tu". Hilo neno "tu" ndilo limenishikisha kalamu.

Marehemu baba alifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa Jinja, shaba iliyokuwa ikija kwa garimoshi kutoka Kilembe. Tulikaa Walukuba. Akitoka zamu ya usiku, mama alilifua shati lake kwenye beseni la peke yake, maana harufu ya kiberiti ilihamia kwenye sare zetu za shule. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Wakanada, na kwao ndiko baba alikosikia habari za Trail, mji wa British Columbia unaoyeyusha risasi na zinki. Timu ya magongo ya barafuni ya mji huo inaitwa Smoke Eaters, yaani Wala Moshi. Baba alilitamka jina hilo kama anayetaja ndugu zake.

Wala Moshi walikuwa wa ligi ya mkoa, wakicheza na miji jirani kama Nelson na Kimberley. Watu wazima wenye ajira zao: kazini mchana, barafuni usiku. Msimu wa 1960-61 wakavishwa jezi ya Kanada, wakaenda mashindano ya dunia Uswisi. Tarehe 12 Machi 1961, mjini Geneva, waliwafunga Wasovieti 5-1 wakatwaa ubingwa wa dunia. Kipa wao, Seth Martin, akachaguliwa kipa bora. Kanada haikulipata tena taji hilo mpaka 1994.

Sasa mpwa wangu. Anafunga magunia kiwanda cha sukari. Jumapili iliyopita alitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, akalala kidogo, saa tisa alasiri yuko uwanjani, akafunga mabao mawili. Jumatatu nikafungua gazeti lenu: Uingereza kurasa nne, Jinja hata mstari mmoja hamna.

Tupeni robo ya safu, Mhariri. Wekeni matokeo, wafungaji, na kazi anayofanya kila mmoja wao. Mimi nayaandika kwenye daftari tangu msimu uanze, na nitawaletea kila Jumapili kabla ya magharibi.

Msomaji wenu,
Walukuba, Jinja