Kwenu vijana mnaosimamishwa kuhakiki vitabu

Wanangu,

Salamu zenu mtazipata mwishoni, maana leo nina jambo kifuani na nikilichelewesha litanikaba.

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa diwani ya kijana mmoja. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, hilo nimelizoea. Lililoniuma ni mhakiki. Alisimama dakika arobaini akisema "sauti ya kizazi chetu", "lulu ya Afrika", "diwani ya kihistoria". Nakala aliyopewa ilikuwa mezani mbele yake, imo ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa. Watu wakapiga makofi, keki ikakatwa, tukatawanyika. Yule kijana alikuwa amekaa na mama yake, anaandika daftarini kila sifa aliyomwagiwa. Mimi diwani ile niliisoma usiku wa kuamkia siku ile. Ina mashairi mawili mazuri kweli kweli. Mengine yanachechemea, mshororo huu mizani kumi na sita, unaofuata kumi na tano, na vina vya kulazimisha. Hakuna aliyemwambia.

Nilirudi nyumbani nikamkumbuka Titu Maiorescu, mhakiki wa zamani wa Romania, nikaona leo niwaeleze habari zake.

Maiorescu alikuwa Mromania, mzaliwa wa mji wa Craiova, mwaka 1840. Alisomeshwa Vienna, katika shule ya Theresianum, mtoto wa kigeni kati ya watoto wa wakubwa. Akiwa na miaka 15 alianza kuandika shajara, na hakuiacha mpaka uzee. Mwaka 1858 alimaliza shule akiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata akapata udaktari wa falsafa Giessen, Ujerumani. Alipofika miaka 23 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Iași, huko kwao Romania. Mwaka huohuo wa 1863 yeye na wenzake wanne wakaanzisha jumuiya wakaiita Junimea, yaani Ujana. Kauli yao ilikuwa: aingie atakaye, abaki awezaye. Mtu alisoma kazi yake kwa sauti, na wenzake wakamhukumu hapohapo, machoni pake.

Machoni pake, wanangu. Wala si kwa minong'ono ya kantini baada ya makofi.

Mwaka 1867 aliandika utafiti wake juu ya ushairi wa Kiromania. Alisema neno la kishairi lazima limwamshie msomaji picha akilini, na lisipoamsha kitu basi limekufa, hata likiwa na mlio mtamu. Kisha akachukua beti za watu waliokuwa hai, waliosifiwa magazetini, akaziweka kwenye ukurasa moja moja na kuonyesha ubovu ulipo. Kiromania kina namna ya kudogosha maneno, kama sisi tunavyosema kijitoto au kijumba, na washairi wa siku zile walidogosha kila kitu ili kionekane cha kupendeza. Aliwaumbua kwa mistari yao wenyewe. Nataka mlione hilo vizuri. Hakusema "mshairi huyu hafai". Alinukuu mshororo, akaeleza kwa nini umeanguka. Huwezi kufanya kazi hiyo kitabu kikiwa ndani ya nailoni!

Mwaka 1873 akaandika makala niipendayo kuliko zote, juu ya ulevi wa maneno. Alikuwa amesoma jarida moja la Bucharest, Revista Contimporană, akakuta humo watu wanaandika kama waliokunywa. Dalili ya kwanza ya ulevi huo, alisema, ni wingi wa maneno usiolingana na wazo linalotakiwa kuvikwa. Mlevi wa maneno hutupa sifa juu ya sifa mpaka yeye mwenyewe hajui anasifu nini. Nilipokuwa nikimsikiliza mhakiki wa Jumamosi nilihesabu neno "kipekee" mara kumi na moja. Kumi na moja! Nanyi mnafanya hivyohivyo katika dibaji, kwenye majalada ya nyuma, kwenye tahakiki za kuombwa na rafiki. Nimesoma dibaji tatu mwaka huu ambazo ukibadilisha jina la mwandishi na jina la kitabu, zinafaa kitabu chochote kile.

Mtasema ukali huvunja moyo chipukizi. Basi tazameni alivyomtendea Mihai Eminescu. Mwaka 1872 kijana huyu alikuwa na miaka 22 na mashairi machache tu yaliyochapishwa katika Convorbiri literare, jarida la Junimea. Maiorescu akamtaja mara tu baada ya Alecsandri, mshairi mkubwa wa taifa wakati ule. Alimtaja pamoja na kasoro zake: anapenda mno kupambanisha vitu kinyume, anawaza kupita kiasi, lugha haijakomaa. Kisha akasema, lakini ni mshairi, mshairi kwa nguvu zote za neno hilo. Sifa ile ilikuwa na uzito kwa sababu ilitoka katika kinywa kilichowakataa wengi. Eminescu alipougua akili mwaka 1883 na kupelekwa hospitali huko Vienna, Maiorescu ndiye aliyeyakusanya mashairi yake akayatoa kitabu mwezi Desemba. Ndicho kitabu pekee cha mashairi ya Eminescu kilichotoka yeye akiwa hai. Na Ion Creangă, mwandishi na mwalimu aliyefukuzwa kazi, alirudishwa darasani mwaka 1874 Maiorescu alipokuwa waziri wa elimu. Mhakiki mkali ndiye aliyekuwa mlangoni siku ya shida.

Mengine ya kuchukua kwake: someni kitabu mara mbili. Jifunzeni lugha nyingine mbili za kusomea. Msihakiki kitabu cha mtu mnayemdai au anayewadai. Fikeni kwa wakati.

Si kwamba hakuwa na makosa. Siasa ilimlia miaka mingi ambayo fasihi ingeifaidi. Alifika hadi uwaziri mkuu, 1912 hadi 1914. Msiige hilo.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Mwaka 1868 aliwaambia Waromania kwamba wana shule za vijijini kabla ya walimu wa vijijini, vyuo vikuu kabla ya maprofesa, majarida na akademia kabla ya maarifa ya kuwekwa humo. Umbo lipo, kiini hakuna. Nasi tunakodi ukumbi, tunachapisha mabango, tunashona sare za kamati, lakini hakuna aliyetenga hata wiki moja ili mhakiki akisome kitabu. Nimeona maktaba ya mtaa ikizinduliwa kwa ngoma na rafu tupu. Sisi wazee tulikaa mbele tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Sasa salamu. Nawapenda, na wengi wenu niliwafundisha irabu. Yule kijana wa Jumamosi simjui anakoishi. Anayemjua amwambie nakala yangu ya diwani yake iko hapa, nimekunja kurasa kumi na nne na kuandika pembeni kwa penseli. Aje alasiri yoyote baada ya saa kumi. Aje na mama yake pia, maana yale mashairi mawili nataka nimsomee mama yake kwa sauti.

Mzee wenu