Chupa ya Fanta nayo ipate kabati: barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Haut-Katanga

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuwaombea wapigaji wa nyuma ya mwimbaji nafasi kwenye makumbusho yetu.

Baba yangu alikuwa na sahani moja ya santuri, ile ndogo ya 45, aliyoitunza ndani ya mfuko wa mkate hadi alipofariki. Kwenye karatasi ya katikati pameandikwa jina la wimbo, jina la mwimbaji na alama ya kampuni. Basi. Gitaa la akompa, lile linaloshikilia mdundo chini ya solo, alilipiga baba. Alilipwa siku ileile, pesa ya jioni moja, akarudi Kamalondo kwa miguu. Kila tulipoicheza alinyanyua kidole kwenye ubeti wa pili: "Sikiliza, hapo nilikosea." Na kweli, kuna mlio mmoja umeteleza. Siku hizi vijana wanaoupiga wimbo huo harusini wanapiga na ule mlio ulioteleza, kwa heshima zote, wakidhani ni ufundi.

Mji huu wa Lubumbashi unawakumbuka waimbaji, na wapiga solo kidogo. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda tunamjua: Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952, na gitaa lake likasikika hadi Nairobi. Lakini katika muziki wa gitaa wa Katanga wa enzi zile palikuwa pia na mtu wa pembeni, aliyeketi na chupa tupu ya Fanta akiigonga kwa kipande cha chuma. Akinyamaza yeye, wimbo unachechemea. Alikuwa nani? Waulize wazee wa Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu: watacheka, watakutajia jina la utani, kisha watabishana kama alitoka Kasenga au Bunkeya.

Hata Indépendance Cha Cha, wimbo wa uhuru wa Kongo, tunasema ni "ya Kabasele", mwimbaji wake, tumemaliza. Brussels, 1960: solo ni Nico, akompa ni kaka yake Dechaud, besi ni Brazzos wa bendi ya OK Jazz, ngoma ni Petit Pierre. Hao walibahatika, maana walikwenda huko wakati wa mkutano wa meza ya duara, ule wa kujadili uhuru, na majina yao yakabaki. Wa Lubumbashi hawakuwa na mkutano wa kuwabeba.

Wamarekani nao walichelewa. James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya Motown miaka mingi. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye jalada mwaka 1971, kwenye sahani ya Marvin Gaye. Ila mwaka 2006 Joe Chambers alifungua Nashville makumbusho ya wapigaji, wale wa nyuma ya mwimbaji. Mwaka 2010 jumba likachukuliwa kupisha ukumbi wa mikutano, na Mei mwaka huohuo mafuriko yakaloweka vyombo vilivyokuwa ghalani. Walifungua tena 2013, ndani ya ukumbi wa zamani wa mji. Hawakungoja jumba jipya, Mheshimiwa.

Sisi tunalo Makumbusho ya Taifa pale karibu na ukumbi wa tamthilia wa zamani. Sikuombi matofali. Naomba chumba kimoja, na kabla ya chumba, naomba watu wawili wenye kinasa sauti wapite kwa wazee kiangazi hiki, wakiwa na sahani zenyewe mkononi, wazicheze, waulize: huyu anayepiga tumba ni nani? Kazi ya namna hiyo haitakuwa ngeni hapa. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulikwisha kukusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huu. Wapiga besi na batri, yaani seti ya ngoma, waingie tu kwenye foleni.

Mwaka jana nilimkuta mpiga tumba mmoja Katuba, mikono imekakamaa, hawezi tena kufunga vifungo vya shati. Nilipomwekea wimbo alioupiga ujana wake, vidole vikaanza mezani vyenyewe. Nilikuwa na simu tu, na betri ilikuwa imekwisha.

Sahani ya baba nitawaazima, pamoja na mfuko wake wa mkate. Chupa ya Fanta nitaitafuta mwenyewe. Iwe ya kioo, maana ya plastiki hailii.

Wako kwa heshima,
Mtoto wa mpiga akompa, Kamalondo